Picha ya Nyanya Katika Beseni la Chai

Mpaka mwaka huu friji yangu hapa Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, ilikuwa na maziwa, sukuma wiki, na chupa moja iliyofungwa kwa plastiki nyeusi. Mgeni akifungua friji kutafuta maji, nilikuwa nikiruka kitini kabla hajanyoosha mkono. Wengi walidhani naficha pombe. Siwalaumu, maana nikianza kueleza ni kitu gani wananitazama kwa huruma.

Ni emulsheni. Ni dawa nzito, nyeupe, yenye chembe za fedha ndani yake. Ukiiweka kwenye beseni la maji moto inalainika, unaipaka kwenye karatasi kwa brashi chini ya taa nyekundu, na karatasi ya kawaida inageuka kuwa karatasi ya picha. Nilifundishwa na mgeni mmoja aliyekuja kufanya semina ya wapiga picha kwenye hoteli fulani Nanyuki. Wengi wetu tulienda kwa sababu ya chakula cha mchana, nasema ukweli. Lakini nilipoona uso wa mtu ukitokea kwenye karatasi iliyopakwa kwa mkono, alama za brashi zikibaki pembeni, nilisahau kwamba kuna kula. Mgeni alipoondoka aliniachia chupa mbili. Ya kwanza niliimaliza kwa kujifunza na kuharibu. Ya pili ndiyo hiyo ya friji, na kufikia mwaka huu ilikuwa imebaki robo, na mwenyewe sijui naweza kupata nyingine wapi.

Mbele ya nyumba niko na studio ndogo. Napiga picha za pasipoti na kutengeneza vitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu akitabasamu na historia ya maisha yake. Nyuma kuna stoo ambayo zamani iliwekwa viazi, na hicho ndicho chumba changu cha giza. Dirisha lake nimeliziba kwa mbao ninayoweza kuitoa nikihitaji mwanga. Kazi hii niliirithi kwa baba. Yeye naye aliianza kwa kufagia katika studio moja ya zamani mjini Nyeri, na mwenye studio alipozeeka akamwachia kamera, koti moja la wateja, na sanduku la bati lililojaa negativu, zile filamu za kuchapishia picha, za watu wasiojulikana.

Katika sanduku hilo, mama yangu alikuwa akisema, yumo mama yake.

Hapo lazima nieleze kitu. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hivyo tangu nizaliwe mama hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita maitu, yaani mama yangu. Nikiwa na miaka mitano alikuwa akinifokea, "Maitu, toka kwenye hayo matope!" Na siku akinichapa, baadaye lazima angenipikia chai yenye maziwa mengi na kukaa karibu nami mpaka niimalize, ati mtu hawezi kulala vizuri ikiwa amemchapa mama yake. Watu wa nje wakisikia wanacheka. Sisi tumezoea. Nimeitwa mama na mama yangu maisha yangu yote, na sijawahi kuona sura ya huyo ambaye mimi ni yeye.

Nyanya alifariki mama akiwa msichana wa miaka saba au nane. Alipigwa picha mara moja tu. "Nilikuwako," mama alikuwa akisema kila mara. "Tulitoka Tetu na miguu mpaka mjini. Mimi nilisimama kando." Picha yenyewe ilitumwa kwa babu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ranchi upande wa Nanyuki, na ikapotelea huko. Baba yangu aliahidi kuitafuta negativu yake. Aliahidi akiwa mchumba, akaahidi akiwa mume, akaahidi akiwa mzee mwenye mkongojo. Baba alikuwa mtu mzuri lakini kwa ahadi, wacha tu. Alikufa bila kulifungua lile sanduku.

Mwaka jana macho ya mama yalianza kumkataa. Alikuwa akimwaga maziwa nje ya ndoo, akigonga mlango kwa bega. Nilimpeleka kwa daktari mjini, akaambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Daktari aliniambia, "Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na hilo bomba litaendelea kuwa jembamba." Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote.

Tukiwa tunarudi nyumbani mama akasema, "Maitu, baba yako ameenda na ahadi yake. Wewe usiende nayo pia." Nilimshika mkono mpaka tukafika.

Wiki hiyo nilifungua sanduku. Mama alikuwa ameniambia alama mbili za kumtambua nyanya: alivaa koti refu lenye vifungo vikubwa, na mkononi hakuwa na kitu. Nilifurahi nikajua kazi ni rahisi. Kumbe! Nilipozishika negativu kwenye dirisha moja baada ya nyingine, karibu kila mwanamke alikuwa na koti refu lenye vifungo vikubwa. Lilikuwa lile lile koti la studio. Wanawake walikuja mjini na nguo zao za shambani, wakaazimwa koti, wakapigwa picha, wakalivua akavaa mwingine. Nilicheka peke yangu stoo mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka.

Nikawatoa wazee, nikawatoa wenye watoto mgongoni, wakabaki watatu. Nikawachapisha wakubwa wakubwa kwenye karatasi ya dukani inayong'aa, nikampelekea mama nyumbani kwake Tetu. Aliwashika mmoja mmoja mlangoni, akiinamisha karatasi huku na huku.

"Zinaniwaka machoni," alisema. "Naona koti. Naona kitu ya kijivu."

Mpwa wangu alikuwa hapo, akasema si ni kazi ndogo tu, akazipiga picha kwa simu na kuzitia rangi. Akamwonyesha mama, yaani shosho yake. Mama alifunga macho kwa sababu ya mwanga wa simu, akasema huyo mwanamke amepakwa lipstiki.

Tulipobaki wawili ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akichambua majani ya boga, haniangalii. "Mimi huambia watu ati nataka kumwona mama yangu. Lakini maitu, hata mkimleta hapa asimame, sitamjua. Uso wake ulinitoka kitambo. Nakumbuka mikono tu. Ilikuwa rangi ya chai. Uso, hapana." Akaendelea kuchambua. "Niko na aibu sana. Mtu anasahau aje uso wa mama yake?"

Nilimwambia alikuwa mtoto, si kosa lake. Alisema anajua si kosa lake, na bado anaona aibu.

Ndio nikaamua. Ningemtengenezea picha ya kupaka kwa mkono. Karatasi nene isiyong'aa isingemuumiza macho, na emulsheni ya kupaka ingekaa vizuri juu yake. Na isiwe ya kijivu. Ningeigeuza rangi iwe kahawia, nyanya awe na rangi ya mtu aliyewahi kuota jua. Kati ya wale watatu nilimchagua mmoja mwenye uso mwembamba, kwa sababu taya lake lilifanana na langu. Ukiniuliza kama huo ni ushahidi, nitakwambia sikuwa na mwingine.

Mama akakataa kungoja Tetu. Ati lazima awepo. Alikuja na mfuko wa majani chai na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake, kana kwamba Gatitu hatuna maziwa, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya stoo. Karatasi nilikuwa nimeipaka jana yake ikakauka gizani, karatasi kubwa ya kutosha kufunika meza ya kahawa. Niliona kwamba mtu asiyeona vizuri anahitaji picha kubwa. Karibu emulsheni yote iliishia hapo. Chupani mlibaki vijiko viwili hivi.

Kabla ya kuchapisha picha yenyewe nilifanya jaribio, kama baba alivyonifundisha. Unachukua kipande chembamba cha karatasi ile ile, unakiweka chini ya mashine ya kukuzia, unapima mwanga. Kawaida kipande hicho huwekwa usoni. Mimi kwa uchoyo wa emulsheni nilikuwa na kichane tu, kipande chenye upana wa vidole viwili, nikakiweka pembeni kabisa mwa picha, kwenye pindo la koti, kabla sijaweka fremu ya kukata kingo. Kingo zile huwa nakata bila kufikiri. Baba alikuwa na msemo wake wa kazini, kwamba pembeni ni pa uchafu: vidole vya fundi, mguu wa stuli, mtu anayepita. Nilikipitisha kile kichane kwenye dawa zote mpaka kikawa kahawia, nikaona rangi ni nzuri, nikakibandika ukutani karibu na dirisha kikauke. Sikukitazama tena.

Halafu picha kubwa. Ilitokea vizuri, nyeusi na kijivu, mwanamke amesimama wima mbele ya pazia. Baada ya kuikaza kwa dawa na kuiosha, nilitoa ile mbao ya dirishani, maana kazi ya kubadilisha rangi inafanywa kwenye mwanga, nikaitia kwenye beseni la kwanza. Dawa hiyo ya kwanza hufuta. Ndivyo inavyofanya kazi: picha yote inapotea kwanza, kunabaki kivuli cha manjano ambacho huwezi kukiona usipojua kilipo, ndipo dawa ya pili inairudisha na rangi mpya. Nimefanya hivyo mara nyingi sana, na sikufikiria kumwonya mama.

Alikuwa ameinama karibu na beseni. Hata kwa macho yale aliona koti jeusi likififia.

"Anaenda! Maitu, anaenda!"

"Ngoja, mama."

"Usiniambie ngoja! Umefanya nini?" Alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, nikalazimika kumbandua vidole taratibu. Nilimwambia atarudi. Nikaiosha karatasi tupu, nikaihamishia kwenye beseni la pili, lile linalonuka mayai yaliyooza. Mama akaziba pua. Na hapo, kuanzia kwenye koti, halafu nywele, halafu macho, akarudi, kahawia na mwenye joto usoni.

"Ngai," mama alisema polepole. "Amerudi na harufu mbaya, lakini amerudi."

Tukacheka wote wawili. Ilikuwa saa nne asubuhi na nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Kilichobaki ni chai. Weupe wa ile karatasi ulikuwa mkali mno, ukimfanya nyanya aonekane kama amepakwa unga. Chai inautuliza: unachemsha majani kwa maji tu, unaacha ipoe kabisa, unailaza picha humo dakika kumi. Lazima iwe baridi, kwa sababu emulsheni ya kupaka haishikani na karatasi kama ile ya kiwandani. Ikipata joto inayeyuka. Mama alikuwa amekaa bila kazi, na mama hawezi kukaa bila kazi, akaomba apike hiyo chai mwenyewe. Ni majani yake, ni mama yake. Nikamwambia, "Chai kali, mama, nyingi, uniachie hapo ipoe." Hayo ndiyo maneno niliyotumia. Chai kali. Sikusema turungi, chai isiyo na maziwa.

Akaja mteja. Mzee mmoja alitaka picha ya pasipoti na hakukubali kuvua kofia, ati kichwa chake bila kofia hata mke wake hakitambui. Tulibishana, tukacheka, tukabishana tena. Niliporudi stoo nilisikia harufu ambayo kila mtu wa kwetu anaijua tangu tumboni, harufu ya chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na tangawizi.

Mama alikuwa amesimama kando ya beseni na sufuria mkononi, anatabasamu. Beseni lilikuwa linatoa mvuke.

"Nimekusaidia," alisema. "Nimemwekea hata sukari."

Nilitazama ndani. Nyanya alikuwa anateleza. Uso wake ulikuwa umejikunja kama ngozi ya maziwa, ukabanduka kutoka kwenye karatasi, ukaelea, ukapasuka katikati. Nilitia mkono kwenye chai ya moto kujaribu kuushika na ukaishia kuwa utelezi vidoleni.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo silifichi. "Maziwa, mama? Maziwa! Nani alikwambia umwage? Nilisema uache! Kila kitu lazima uguse! Umemharibu! Ameisha, basi, ameisha!" Na mengine, ambayo sitayaandika. Nilimpigia kelele mama yangu wa karibu miaka themanini mpaka yule mzee wa kofia akachungulia kutoka studio.

Mama aliinama juu ya beseni, akageuza kichwa huku na huku akiitafuta picha kwa lile bomba lake la kuonea. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwani hajatoka vizuri?"

Hakuwa ameona. Alikuwa anatazama karatasi tupu ndani ya chai na kungoja nimwambie mama yake amependeza. Aibu iliyonishika hapo sijawahi kuipata kabla wala baadaye.

"Hapana, mama," nilisema. "Ameyeyuka. Chai ilikuwa moto."

Aliweka sufuria chini. "Nilijua ulitaka turungi," alisema. "Mimi si mjinga. Lakini maitu, huyu mtu sijamwona tangu nikiwa mtoto. Anakuja kwangu mara ya kwanza, halafu nimpe turungi? Baridi? Kama mtu wa deni?" Alifuta ukingo wa beseni kwa kiganja. "Nilisema wacha nimpikie vizuri."

Nilimshika nikamkalisha kitini karibu na dirisha. Nikapiga magoti kwenye ile sakafu iliyolowa nikamwambia anisamehe. Alinipapasa kichwa akasema mama hamwombi mtoto msamaha, na tukalia, kila mtu kivyake kwanza, halafu pamoja.

Nilipoinuka kumwaga lile beseni, yeye alibaki anapapasa ukuta. Mikono yake haijui kukaa. Ikakuta kile kichane cha majaribio, akakibandua.

"Na hii kidogo ni nini?"

"Ni takataka, mama. Ni ya kupima tu."

Hakusikia, au alijifanya. Alikisogeza karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, kama anayetaka kukibusu. Nikaendelea kuosha beseni. Nilipogeuka alikuwa bado yuko vilevile, ila mdomo ulikuwa wazi.

"Maitu. Huu mkono ni wa nani?"

"Mkono gani?"

Nilichukua kichane nikakitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na pindo la koti, na mikunjo, na juu ya mikunjo kitu nilichokiona kwenye negativu nikadhani ni doa, ule uchafu wa pembeni ambao baba alinifundisha kuukata. Halikuwa doa. Vilikuwa vidole vinne vya mtoto, vimelikamata koti kwa nguvu mpaka kitambaa kimejikunja. Mtoto mwenyewe alikuwa nje ya picha.

"Yule mtu wa picha aliniambia nisogee," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alisema ni picha ya mtu mmoja. Mama akaniambia, nenda kando, ni dakika moja tu. Nikaenda kando. Lakini koti sikuachilia. Nilikuwa na uoga wa mjini, nilifikiri nikiachilia atapotea. Yule mtu akafura kwa hasira, akasema mkono utaonekana. Mama akamwambia, 'Wacha uonekane.'" Alikichukua tena kichane kutoka kwangu. "Nilikuwa nimesahau hiyo. Aki nilikuwa nimesahau kabisa. Huyu ni mimi. Huu ni mkono yangu."

Basi kweli alikuwa ndiye nyanya. Si kwa sababu ya taya langu.

Na hapo ndipo yale maneno ya daktari yaliponiingia, baada ya miezi. Bomba. Mtu anayechungulia kwenye bomba, ukimpa picha kubwa anaona kifungo, anaona kiwiko, anaona koti tu. Ukimpa kitu cha upana wa vidole viwili anakiona chote. Mimi nilikuwa nimemkuzia mama yake mpaka akashindwa kumwona. Nilitamani kujipiga kofi.

Vile vijiko viwili vya chupani vilitosha karatasi ya ukubwa wa kiganja. Niliipaka jioni hiyo hiyo, na mama akalala kwangu. Asubuhi nilirudisha negativu kwenye mashine, nikaondoa fremu ya kukata kingo, nikaiacha picha yote iingie, na ule mkono. Nikimharibu mara hii, ndio basi. Nilimwonya mama kabla ya beseni la kwanza, akasema anajua, ataenda halafu atarudi na harufu. Nyanya alipopotea, mama alinishika kiuno na kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili nyanya alirudi.

"Sasa turungi," nilisema.

Mama alivuta pumzi. "Ni sawa. Hiyo ni ya kazi. Lakini ikiisha, mimi napika yangu."

Turungi ilikuwa imekaa dirishani tangu alfajiri, baridi kabisa. Nikamlaza humo dakika kumi, nikamwosha, nikamkausha kwa kitambaa bila kumgusa uso. Weupe ulikuwa umetulia. Niliiweka picha kwenye kiganja cha mama, naye akaisogeza karibu na jicho.

Jicho lilianza chini, kwenye ule mkono mdogo, likapanda na koti, kifungo kwa kifungo, likafika shingoni, likafika usoni, likakaa hapo.

"Ni msichana," alisema hatimaye. "Maitu, kumbe mama yangu ni msichana. Ni mdogo hata kuliko wewe. Na mimi miaka yote natafuta mzee." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali, akaisogeza picha kando yasiidondokee. "Sikumsahau. Huyu uso naujua. Ulikuwa ndani tu."

Akainuka, akapapasa njia mpaka jikoni, nikamsikia akiwasha jiko. Alipika kwa ile chupa ya maziwa ya ng'ombe wake, akanikataza nisimsaidie. Alirudi na trei na vikombe vitatu. Kimoja akakiweka mbele yake, kimoja mbele yangu, cha tatu akakiweka mbele ya picha, iliyokuwa imeegemea bakuli la sukari.

Nilimtazama. "Mama, si wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ni mimi," alisema. "Na sisi watu wa kanisa hatupatii wafu chai." Akanyoosha mkono, akakitafuta kile kikombe cha tatu kwa vidole, akakisukuma mezani polepole mpaka kikagusa mkono wangu. "Hii ni yake. Lakini jina lake uko nalo wewe. Kunywa kabla haijapoa, maitu."

Niliinywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na niliimaliza yote.